Mafuta ya Chemchemi ya Zadock

Ndugu zangu, bonde letu kule Uriri lilikuwa na utulivu wake. Asubuhi wanawake walishuka chemchemini kuteka maji, huku mlimani kinu cha Onyango kikinguruma kusaga mahindi ya watu. Shamba la Mzee Zadock lilifika hadi kwenye chemchemi yenyewe. Lilimlisha yeye, mkewe Roseline, mwanawe Walter, mke wa Walter aitwaye Lynnet, na wajukuu.

Mwaka wa tisini na mbili, mwaka wa uchaguzi, mgombea mmoja wa ubunge alikuja kutuomba kura. Akaona maji ya chemchemi yakimeta juu rangi ya zambarau na kijani. Akachovya kidole, akanusa, akafumba macho.

"Watu wangu, hii ni mafuta! Mnalala njaa juu ya mali. Nipeni kura nilete kampuni ichimbe. Lakini hii mashamba msilime. Kampuni ikikuta mahindi itaenda kwingine."

Vijana wake wakapigilia vigingi vyekundu bonde zima. Tulipiga vigelegele. Msitucheke, hata nyinyi mngepiga.

Hata tone moja halijachimbwa, siasa ikaanza. Sisi wa bondeni tulisema mali ni yetu. Wa mlimani, ambao hawakupata kigingi hata kimoja, wakamfuata mgombea mwingine. Watu waliozoea kuzikana wakaacha kusalimiana. Onyango alisimama barazani akitaka kusema jambo, Zadock akamzomea kabla hajafungua kinywa: "Wivu ya mlimani! Keti chini!" Akaketi.

Zadock naye aliwapeleka fahali wake wawili wa kulimia sokoni Ogwedhi, akawauza, akanunua mabati. Akajenga nyumba ya mainjinia. "Wageni wakikuja watalala wapi?" alituuliza, na alikuwa anauliza kwa moyo safi.

Mvua ya Machi ikanyesha. Kwetu, mtoto hapandi kabla ya baba na mama wa boma kutia mbegu ya kwanza ardhini. Tunaita golo kodhi. Anayewaruka wazazi huleta chira, laana inayokula watu polepole. Kwa hiyo Zadock alipokataa kupanda, boma nzima ilifungwa mikono.

"Baba, mvua imeshika," Walter alimwambia. "Golo hata kidogo tu hapo nyuma ya nyumba, ndio na sisi tuendelee."

"Wuoda, mwanangu, unataka kufukuza kampuni? Mwenye hii boma ni nani?"

Walter akaliegemeza jembe lake ukutani.

Jikoni, Lynnet alimbembeleza mama mkwe wake. "Mama, mvua haingoji kampuni. Tupande tu."

"Nyar Asumbi," Roseline alimwambia, akimwita kwa jina la kwao, "ukinitangulia utaletea watoto wako chira. Na mimi siwezi kuanza kama Baba Walter hajasema."

Lynnet akafunga mbegu zake kwenye kitambaa, akazitundika juu ya moto zisiliwe na wadudu. Mimi jirani yao nilikasirika, na nikikumbuka bado nakasirika. Mila ile iliwekwa ili baba awatangulie watoto wake shambani, si awazibie njia.

Bonde zima lilikuwa limetii vigingi, kwa hiyo wakati wa mavuno hatukuwa na cha kuvuna. Ghala zikafagiliwa. Mjukuu mdogo, aliyezoea kulala mapajani pa Zadock, alilia njaa mpaka sauti ikakauka. Lynnet akawachukua watoto kwenda kwao Asumbi, na mbegu zake akabeba.

"Siku boma itapanda, nitarudi," alimwambia Roseline. "Kabla ya hiyo siku, Mama, hapana."

Bila mahindi ya bonde, kinu cha Onyango kilikosa kazi, kikazimwa. Uchaguzi ukaja, mgombea wetu akashinda, akatupotea.

Mwaka mpya ulipoingia, Zadock alishuka chemchemini na chupa. Alitaka kumpelekea mheshimiwa mafuta kidogo ili amkumbushe. Maji yalikuwa meupe, safi kabisa. Onyango alikuwa hapo akinywa.

"Onyango, mafuta imeenda wapi?"

"Ile chafu ya injini yangu, Mzee? Nilikuwa namwaga kwa mtaro, inateremka mpaka hapa. Sasa sina cha kusaga, nitamwaga nini?"

"Na ukanyamaza?"

"Nilisimama kwa baraza. Si ni wewe uliniambia niketi?"

Zadock akakaa kwenye jiwe, chupa tupu mkononi. Aliona aibu, na aibu ile ilimfaa. Alipopanda nyumbani alimwambia Walter, "Enda Asumbi. Mwambie mke wako boma itapanda."

Lynnet alirudi na mvua ya kwanza. Akafungua kitambaa chake, akampa mama mkwe mbegu kwa mikono miwili. "Mama, anza." Fahali hawakuwepo, wakalima kwa jembe. Zadock aling'oa kigingi chekundu, akawa anatoboa nacho mashimo, Roseline akitia mbegu nyuma yake. Mjukuu alimfuata akifukia kwa mguu.

FUNZO

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mafuta yakipatikana kweli nchini siku moja, tuyapokee, lakini tuulize nani atachimba, nani atafaidi, na maji yetu yatakuwaje. Tumsikilize hata wa mlimani. Na mali iliyo chini ya ardhi isituzuie kupanda juu yake, maana mtoto hali ahadi.

Mheshimiwa alirudi majuzi kutafuta kura. Sasa anasema kuna dhahabu. Tulimkaribisha uji katika nyumba ya mainjinia, ambayo siku hizi ni ghala, tukamwomba akitoka asikanyage mahindi.