Kilichokuja Ndani ya Kompyuta ya Mwalimu Wilkista

Kompyuta ilisafisha koo.

Mwalimu Wilkista alikuwa jikoni akichambua mboga. Aliisikia, akaendelea kuchambua. Kwa miaka yote ya ndoa yake sauti hiyo ilikuwa imetangulia kila jambo katika nyumba hii ya Bungoma. Sifuna, marehemu mumewe, alikuwa naibu wa chifu, na hakuwahi kuomba hata chumvi bila kusafisha koo kwanza, kana kwamba wananchi wote wa kata wamekusanyika mezani. Kwa hiyo mikono ya Wilkista haikusita, na moyo wake, ambao tangu mazishi ulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, haukuruka. Ndipo akakumbuka kwamba Sifuna amelala chini ya migomba kule Kimilili, na sebuleni hakuna mtu.

Serikali yenyewe ilikuwa bado haijakubali habari hizo. Iliendelea kumtumia Sifuna ujumbe wa kumwalika mikutanoni, na wa mwisho ulimwonya kwamba kutohudhuria bila sababu ya maandishi ni utovu wa nidhamu.

Kompyuta hiyo aliinunua Kitale, dukani kwa Ngari, kwa kuwa wakubwa wa elimu walikuwa wameamua alama za wanafunzi ziingizwe mtandaoni, hata katika shule ambako stima hufika kama mgeni. Ngari aliitoa kwenye boksi mbele yake, akaipangusa kwa mkono wa shati.

"Mwalimu, hii ni mpya kabisa. Lakini kuna vitu vimekuja nayo kutoka kiwandani."

"Vitu gani?"

"Programu programu tu. Hukuziomba, na hazitoki. Unazizoea, kama mashemeji." Alicheka peke yake. "Ikikusumbua, unaiwasha ukiwa umefinya hapa. Inafuta kila kitu umeweka, inarudi vile ilitoka kiwandani. Ndani kuna kachumba kamefungwa, hapo ndio imejiwekea vile ilikuwa siku ya kwanza. Hako kachumba huwa hakaguswi."

Ilipowaka mara ya kwanza nyumbani, iliuliza jina, na bila jina haikukubali kusonga mbele. Mtu mwingine angeandika lake. Wilkista aliketi akiitazama, na kwa kuwa kwao anayeingia nyumbani bila jina hupewa la aliyetoka, vidole vyake viliandika Sifuna. Hakufikiri. Siku hizo hakufikiri mambo mengi.

Kompyuta ikamkaribisha Sifuna.

Baada ya hapo kikaja kikohozi. Kilikuwa cha marehemu hasa, isipokuwa mwishoni kulikuwa na mlio mdogo, kama kufuli linalofungwa. Kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua, ambayo Sifuna hakuwahi kuwa nayo. Wilkista alipiga simu kwa kampuni iliyoitengeneza. Sauti ya kike ilimwambia abonyeze moja kwa matatizo ya kioo, mbili kwa matatizo ya chaji. Alipompata binadamu, aliarifiwa kwa heshima kwamba kukohoa hakumo miongoni mwa matatizo yanayotambuliwa.

Basi akaizoea. Jioni aliingiza alama za watoto, nayo ikisafisha koo, naye akijibu "mm" kama zamani. Ilikuwa afadhali kuliko kimya.

Kisha Nabwile akajifungua. Alikuwa mke wa Kevin, mwana pekee wa Wilkista, na kwa kuwa Kevin alikuwa kazini Eldoret, alikuja kukaa kwa mama mkwe wake na mtoto mchanga wa kiume. Mtoto alilia tangu alipovushwa kizingiti. Alilia hadi sauti ikawa kama kamba inayochanika, akakataa titi, akaanza kukonda. Hospitalini daktari alimpima, akaandika kwamba mtoto ni mzima, akapiga muhuri. Muhuri haukumnyamazisha.

Shangazi Phelista, dada yake Sifuna, akaja kutoka Naitiri. Alimtazama mtoto mara moja tu.

"Huyu harii njaa," alisema. "Anaria jina."

Kwao mtoto mchanga anayelia hivyo huitiwa majina ya waliokufa, na akisikia la yule anayemtafuta, hunyamaza akanyonya. Alasiri hiyo mvua ilikuwa ikipiga mabati. Chumbani, Phelista aliketi kitandani kando ya Nabwile, akampakata mtoto, akamwinamia.

"Wakhungu?" Mtoto akalia. "Mukhwana?" Akalia. Phelista alimtupia Wilkista jicho, maana wote watatu walijua jina lililobaki. "Sifuna?"

Mtoto akavuta pumzi akaishikilia, na katika upenyo huo mdogo, mvua ikiwa ni kama imesogea kando ili wasikie vizuri, harufu ya nywele zilizoungua ikapita chini ya mlango ikawafikia pale kitandani, na kutoka sebuleni, ambako hakukuwa na mtu wala kitu kilichowashwa, koo likasafishwa taratibu, kufuli likafungwa, na sauti ya naibu wa chifu ikasema, "Naam."

Mtoto akapasua kilio upya.

"Nani huyo?" Phelista alinong'ona.

"Kompyuta."

"Kompyuta inaitika kwa jina ya kaka yangu?"

"Niliipa. Ilikuwa inaniuliza."

"Wilkista! Ati umepea jina ya mtu kwa kitu haina kitovu?" Mzee huyo alimvuta mtoto kifuani. "Sasa jina iko na mwenyewe. Huyu mtoto atairiria mpaka aishe."

"Mama," Nabwile alisema kwa sauti ya chini, "tafadhali. Hajanyonya tangu jana."

Wilkista akaenda kumpigia Ngari.

Ngari alikuja kesho yake asubuhi kwa pikapu yake. Alikuwa mzee wa kanisa na hakuamini majini, lakini alipoingia sebuleni akakutana na ile harufu, alivua kofia.

"Si ungeniambia mapema, Mwalimu," alisema, naye pia akinong'ona. Akaiwasha akiwa amefinya pale alipoonyesha siku ile. Kioo kikawa cha buluu, kikauliza kama mwenye mashine ana hakika anataka kufuta kila kitu. Ngari akarudi nyuma. "Finya wewe. Ni wewe ulipeana jina."

Wilkista akanyoosha kidole, na hapo mashine ikasafisha koo, si kwa ukali, si kwa kutisha, bali kama linavyosafishwa mbele ya sahani ya ugali na mtu aliyechoka ambaye ametoka kusuluhisha kesi ya mpaka tangu asubuhi na sasa yuko kwake, na ile sauti ikasema, "Wilkista, chumvi," naye akasimama kidole kikiwa hewani, akimsikia mtoto chumbani ambaye kilio chake sasa kilikuwa uzi tu, akijua kwamba asipofinya atampoteza huyu na akifinya atabaki na kimya kile kile cha zamani, na akangoja kuumia, akangoja sana, na kwa kuwa maumivu hayakuja akafinya.

Kioo kikazima. Chumbani kilio kikakatika.

"Sifuna?" ilisikika sauti ya Phelista. Halafu Nabwile, kati ya kicheko na machozi: "Mama! Ananyonya! Bana, ananyonya!"

Ngari hakusikia. Kompyuta ilikuwa imewaka upya, inauliza jina kwa adabu, naye alikuwa ameinama akiichunguza, paji la uso limekunjamana.

"Kale kachumba," alisema. "Kako wazi. Hakuna kitu ndani."

"Si ndiyo tulitaka?"

"Hapana, Mwalimu. Sisi tulifuta vile vyako. Vilivyokuja nayo havitokangi." Aliigusa, akauondoa mkono upesi. "Sasa hiyo imeenda wapi?"

Aliondoka nayo, hakuomba hata chai.

Mtoto akanenepa. Phelista akarudi Naitiri akiimba. Majirani walimsifu Sifuna mdogo kwamba halii kamwe, nao walisema kweli.

Ilikuwa adhuhuri moja, Wilkista akiwa amempakata sebuleni, Nabwile akipika, stima ilipopotea. Redio za jirani zikanyamaza kwa pamoja. Mtoto naye akakoma, kidole mdomoni, macho wazi. Kifua hakikupanda. Wilkista aliweka kiganja chake pale, akakiacha. Hakupiga kelele. Alitazama balbu, kama watu wote wa mtaa huo wanavyofanya.

Stima iliporudi, kabla friji haijaanza kunguruma, kifua kikainuka chini ya kiganja chake. Kutoka utosini ikapanda harufu ya nywele zilizoungua. Mtoto akamgeuzia macho, akasafisha koo, na kufuli likafungwa.

"Umesema nini, mama?" Nabwile aliuliza kutoka jikoni.

Wilkista akamfunika mtoto vizuri.

"Leta chumvi," alisema.