Kigingi cha Utepe Mwekundu

Kila asubuhi kabla ya shule, Loyce aliwapeleka mbuzi wa mama yake kwenye uwanda wa Mwankoko, akawafunga kwenye vigingi, kisha akakimbilia darasani. Uwanda ule hauna miti ya kufungia mifugo. Una nyasi fupi na mawe makubwa yaliyolala kama ng'ombe wanaocheua. Kwa hiyo kila familia hupigilia vigingi vyake ardhini, na anayekuta kigingi kitupu hufunga mbuzi wake bila kumuuliza mtu. Wamezoea hivyo tangu zamani.

Asubuhi hiyo Loyce alikuta vigingi vipya, vimefungwa utepe mwekundu. Akamfunga beberu mweusi kwenye kimojawapo. Hata hajageuka vizuri, akasikia kishindo. Beberu amekivuta kigingi, kimeng'oka, naye anatimua mbio kuelekea shamba la alizeti, kigingi kikirukaruka nyuma yake!

Alipomkamata, jua lilikuwa limepanda na tundu la kigingi lilikuwa limefukiwa na kwato. Loyce akakipigilia pale alipodhani palikuwa pake. "Kigingi ni kigingi tu," alijisemea, akaenda zake shule.

Alasiri Peniel, rafiki yake, alimjia mbio. "Loyce, twende ofisi ya kata! Wameleta treni ya angani!"

Ofisini, juu ya meza, palikuwa na mfano wa bustani kubwa ya michezo itakayojengwa uwandani. Katikati yake zilisimama reli nyembamba, zimepanda juu, zikajikunja, zikashuka ghafla. Msichana mmoja aliyevaa kofia ngumu, Injinia Raheli, alikiweka kitreni kidogo kileleni, akakiachia. Kilishuka, kikapanda, kikapinduka kichwa chini, kikarudi kilipoanzia bila kuanguka.

Loyce aliinama hadi kidevu kikagusa meza.

"Kitakachojengwa kitakuwa kirefu kuliko mnara wa simu," Injinia Raheli aliwaambia. "Ukiwa kileleni utaliona Ziwa Singidani lote, na ndege wake wenye manyoya ya rangi ya waridi."

"Dada, tutapanda lini?" Peniel aliuliza.

"Kwanza kamati ya mipango miji itoe kibali. Watakuja wiki ijayo kukagua uwanda na kuwasikiliza wananchi."

Mama Loyce alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. "Na mbuzi watakula wapi?" alisema, akaondoka.

Wiki nzima watoto hawakuwa na habari nyingine. Walichora reli mchangani. Upepo ukivuma, Peniel alinyoosha mikono na kupiga kelele kama yuko kileleni.

Siku ya ukaguzi watu walijaa uwandani. Mzee Mughwai, mwenyekiti wa kamati, alitembea taratibu kutoka kigingi kimoja chenye utepe mwekundu hadi kingine.

"Kila kigingi ni mahali pa nguzo," Injinia Raheli alieleza. "Tulichimba tukapima. Chini ya kila kimoja kuna mwamba. Nguzo ikikosa mwamba ikakaa kwenye mchanga, itazama, na reli itapinda."

Loyce alimvuta Peniel pembeni. "Kile kigingi cha karibu na jiwe lenye ufa, beberu wetu aliking'oa. Nilikirudisha kwa kukisia."

Peniel alimkodolea macho. "Nyamaza! Ukisema wataahirisha. Watakwenda kujenga Dodoma, sisi tubaki na mbuzi wako!"

"Je, kama kiko kwenye mchanga?"

"Kwani utakufa wewe?"

Loyce alitazama juu, mahali patupu ambapo kilele kingekuwa. Akawaona watoto wamekaa kwenye kile kitreni, wanacheka, na Peniel yuko mbele. Miguu ikamtangulia.

"Shikamoo, babu," alimwambia Mzee Mughwai.

"Marahaba, mjukuu wangu. Una nini?"

"Kigingi kile cha karibu na jiwe lenye ufa hakiko mahali pake. Nilimfunga beberu hapo, akaking'oa. Nilikirudisha kwa macho tu. Sikusema kwa sababu naitaka sana hiyo treni."

Watu waliguna. Injinia Raheli alikwenda na chombo chake cha kupimia, akachungulia, akachungulia tena. Uso wake ukabadilika.

"Kimehama," alisema polepole. "Hapa tulipochimba tulikuta mchanga mtupu."

Mzee Mughwai akafunga faili lake. "Basi leo hakuna kibali. Vigingi vyote vipimwe upya, kisha tukutane."

Njiani kurudi nyumbani watoto walimzomea Loyce. "Mchunga beberu! Mla treni!" Peniel hakumzomea, lakini hakutembea naye. Loyce alilia kimyakimya hadi nyumbani. Mama yake alimwekea uji wa ulezi, akakaa karibu naye hadi alipoumaliza.

Kikao kilichofuata kilifanyika palepale uwandani. Vigingi vilikuwa vimepimwa upya na kuzungushiwa miiba, mbuzi wasivifikie. Kamati ilikuwa imetenga na eneo la malisho upande wa pili wa mawe. Peniel alikuja, akasimama kando ya Loyce.

"Nimemwota beberu wako anaendesha treni," alinong'ona. Loyce akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Kabla hatujapitisha," Mzee Mughwai alisema, "kuna mwenye pingamizi?"

Macho yote yalimgeukia Mama Loyce. Alisimama, akajifunga kanga vizuri.

"Nilisema malisho, malisho, na malisho tumepewa," alianza. "Lakini sikuwa na hofu ya mbuzi. Nilikuwa na hofu ya huyu mwanangu. Nilijua chombo hiki kikijengwa atakipanda, na mimi nitabaki chini nikitazama juu. Nikajiuliza, nani ataniambia ukweli siku kitu kitakapokaa vibaya? Basi aliyeniambia ni yeye mwenyewe, mbele ya watu, na alikitaka kuliko wote. Watoto, chombo kinachobeba roho za watu hakitaki chuma peke yake. Kinataka mtu wa kusema 'nimekosea' mapema, kabla nguzo haijasimama. Loyce, sikukuambia siku ile, nakuambia leo: ulifanya vizuri sana, mama. Jengeni, mwenyekiti. Nami nitapanda naye."