Ndoo ya Babu Kwenye Foleni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sisimizi alipanga ndoo nne kwenye toroli na kuzisukuma hadi bombani. Jina hilo alipewa na babu yake, kwa sababu tangu utotoni alipenda kubeba vitu vikubwa kuliko yeye. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, na viganja vyake vilikuwa na sugu kama vya mkulima.

Mvua ilikuwa imekosekana misimu miwili. Bwawa lilibaki tope lililopasukapasuka. Serikali iliamuru maji yagawiwe kwa kipimo: hakuna kumwagilia bustani, hakuna kuosha magari, hakuna kuchanganya saruji. Mtaa wa kina Sisimizi uliletewa lori moja la maji kwa siku la kujaza tangi la bomba, ndoo mia tatu na kumi, kwa kuwa daftari la mtaa lilikuwa na watu mia tatu na kumi. Mtu mmoja, ndoo moja. Mtu mpya aliandikwa tu endapo mwingine amepungua.

Kwenye ukuta wa bomba kulikuwa na tangazo refu. Sisimizi alikuwa amehifadhi mistari miwili ya mwisho. Kaya itakayokutwa na jina la uongo itanyimwa maji siku kumi. Kaya itakayojitaja yenyewe itanyimwa siku tatu.

Aliihifadhi kwa sababu kadi yao ilikuwa na watu wanne, na nyumbani walikuwa watatu: Bibi, Mama na yeye. Wa nne alikuwa Babu. Babu alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita.

Babu alikuwa fundi bomba. Ndoo yake ilikuwa ya bluu, na mshikio wake aliuzungushia kipande cha mpira ili usimuumize mjukuu wake. Mtaa mzima uliifahamu ndoo ile. Mtaa mzima pia ulikuja msibani. Lakini nani angemwendea mjane na kumwambia akafute jina la mumewe? Watu walinyamaza kwa heshima. Makarani wa maji nao walibadilishwa kila mwezi, na huyu wa sasa, kijana aliyeitwa Bwana Kalamu kwa vile kalamu haikumtoka sikioni, hakujua lolote.

"Kadi namba sabini na mbili," aliita Bwana Kalamu asubuhi hiyo. "Baba wa nyumba?"

"Yupo," alijibu Sisimizi, akitazama miguu yake.

"Mama wa nyumba?"

"Yupo."

Aliita wote wanne, akaweka alama nne. Nyuma ya Sisimizi fundi viatu alijifuta uso kwa kofia.

"Karani, andika na jasho langu. Linatoka bila kibali!"

Watu walicheka kidogo, kicheko kikavu. Hata kucheka kulikausha koo.

Sisimizi alikuwa akijaza ndoo ya tatu msusi alipofika kwenye dirisha la karani, mtoto wake mgongoni. Msusi alikaa nyumba ya jirani. Tangu msiba alikuwa akimsuka Sisimizi nywele kila Jumamosi bila kupokea kitu. "Nikikosa kichwa cha kusuka vidole vitasahau kazi," alisema kila alipoulizwa. Mtoto wake alikuwa na miezi miwili. Macho yake yalivimba na kutoa usaha, na shingoni alijaa vipele.

"Karani, nimekuja tena," alisema msusi. "Muuguzi amesema nimwoshe macho kwa maji safi asubuhi na jioni. Ndoo yangu moja ndiyo ninayonywa, ndiyo ninayopikia. Mwandike mtoto, tafadhali."

Bwana Kalamu alifungua daftari ukurasa wa mwisho. "Dada yangu, mtoto wako ndiye wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri. Namwona hapa. Lakini daftari limejaa. Mpaka mtu apungue."

Msusi aligeuka. Macho yake yalitua kwenye ndoo ya bluu, tupu, ikisubiri zamu yake chini ya bomba. Akaitazama kwa muda wa pumzi moja. Kisha akainamisha kichwa, akamvuta mtoto juu mgongoni, na kuondoka.

Anajua, aliwaza Sisimizi. Amejua siku zote, na bado ananisuka.

Alijaza ndoo ya bluu. Ilikuwa nzito kuliko siku nyingine yoyote.

Nyumbani Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Aliuliza alichouliza kila siku.

"Wamemwita?"

Kila siku Sisimizi alijibu, "Wamemwita, Bibi," na uso wa Bibi ulilegea kidogo. Leo alianza kushusha ndoo ya bluu.

"Nimekuuliza, mjukuu wangu."

"Wamemwita. Nikasema yupo. Bibi, hayupo."

Mama, aliyekuwa akikunja nguo, alisimama. Tangu kiwanda cha kufua nguo kilipofungwa kwa kukosa maji, alikunja na kukunjua nguo zilezile. "Wewe, chunga mdomo," alisema.

Sisimizi alilia, akasimulia yote: macho ya mtoto, orodha ya kusubiri, jinsi msusi alivyoinamisha kichwa.

"Ndoo ile ndiyo tunayoogea," Mama alisema kwa sauti ya chini. "Siku tatu bila tone, joto hili, na Bibi yako alivyo? Unataka tumzike na yeye?"

Bibi aligeuza kichwa ukutani. Koti la Babu lilikuwa bado limetundikwa kwenye msumari nyuma yake.

"Hospitali wameandika marehemu," alisema Bibi. "Kazini kwake wamempa mtu mwingine sanduku la spana. Nikimwita humu ndani, haitiki. Pale bombani tu ndipo bado anaitwa asubuhi kama watu wengine. Mimi sikuwa nataka maji. Nilitaka aitwe."

Mama alikaa chini, akafunika uso kwa shuka alilokuwa akilikunja.

Asubuhi iliyofuata Bibi alivaa kanga yake safi, akachukua fimbo, akafuatana na toroli. Mama alikuja nyuma akimshika kiwiko. Walipofika, foleni nzima iliwapisha wapite mbele. Fundi viatu, ambaye hakukosa mzaha, alivua kofia.

"Shikamoo, bibi," alisema Bwana Kalamu.

"Marahaba, mwanangu. Kadi namba sabini na mbili. Baba wa nyumba hayupo. Leo ni siku ya sitini na tatu tangu afariki. Mfute."

Bwana Kalamu alichukua kalamu sikioni, akairudisha, akaichukua tena. "Bibi, nikiandika hivyo, ni siku tatu. Siwezi kuipunguza. Nikikupunguzia wewe, kesho atakuja mwingine."

"Sijakuomba upunguze. Piga mstari. Upige taratibu tu."

Kijana aliweka rula, akapiga mstari mmoja ulionyooka. Bibi alifuata ncha ya kalamu kwa macho mpaka mwisho. Kisha alitia sahihi, na karani akamwandika mtoto wa msusi mahali pale. Waliondoka na ndoo nne tupu, na kelele za mabati ya toroli lile zilisikika mtaa mzima.

Siku tatu zile zilikuwa mbaya. Siku ya kwanza walikunywa yaliyobaki kwenye mtungi. Siku ya pili midomo ilipasuka, Bibi akalala tu, akiulizwa anajibu kwa mkono. Sisimizi alikaa kando yake akimpepea, akijiuliza kama ukweli wake utamuua. Alitamani angenyamaza.

Jioni hiyo msusi aliingia na ndoo ndogo ya kupikia. Ilikuwa na maji nusu.

"Ya mtoto hiyo," Bibi alinong'ona. "Rudi nayo."

"Bibi, mtoto ameshaoshwa macho mara mbili. Haya ni ya kwangu mimi, na ya fundi viatu kikombe, na ya kule nyumba ya pembeni kikombe. Sheria imekataza kuuza. Kupeana haikukataza. Nimemuuliza karani, na yeye akaniongezea chupa yake ya kunywa."

Bibi alikunywa, akalia. Mama alisema ni maji mengi mno kumwagwa kwa machozi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi wote wakacheka.

Siku ya nne Sisimizi alirudi bombani na ndoo tatu kwenye toroli. Ya nne, ile ya bluu, alikuwa amempelekea msusi, kwa sababu mtoto alikuwa na haki ya maji lakini hakuwa na chombo chake mwenyewe. Mvua haikuwa imenyesha. Angani hapakuwa na hata wingu la kudanganyia watoto.

Bibi alimsubiri mlangoni kwenye kigoda. Hakuuliza kama wamemwita.

"Macho ya mtoto je?" aliuliza.

"Yamefunguka, Bibi. Ananifuata kwa macho nikipita."

Bibi alimvuta karibu, akamshika viganja vyenye sugu. "Sikiliza, mjukuu wangu. Uongo wetu haukumwongezea babu yako hata siku moja. Ulimpunguzia tu mtoto wa watu. Ukisimama bombani, usifikiri unachukua maji ya serikali. Unachukua ya yule aliye nyuma yako. Na ukikosea, sema wewe mwenyewe, hata kama kusema kuna kiu ndani yake. Mimi mtu mzima nilishindwa. Wewe ulinikumbusha."

Kesho yake foleni ilikuwa ndefu kama kawaida, na jua lilikuwa kali kama kawaida. Ndoo ya bluu ilikuwa kwenye mstari.

"Kadi namba tisini," aliita Bwana Kalamu. "Mama wa nyumba?"

"Yupo," alijibu msusi.

"Mtoto?"

Msusi aligeuza mgongo ili karani amwone. "Yupo."