Maji ya Chumba cha Nyuma

Haya yalimfika jirani yetu fundi saa, mtu wa mikono mitulivu na maneno machache. Nayasema kama alivyoyasema yeye.

Asubuhi moja mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa ameshakwenda kazini. Fundi saa alikuwa amepiga magoti katika chumba cha nyuma, akisuuza changarawe kwenye ndoo mpaka maji yakaacha kutoka machafu. Tangi jipya la samaki, la kioo kitupu, lilikuwa juu ya meza kando ya dirisha, pale kilipokuwa kitanda cha mama mkwe. Mama alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na binti yake alisema hawezi kila siku kupita mlangoni mwa chumba kilichokufa ganzi.

"Tuweke samaki," alisema. "Angalau pawe na kitu chenye uhai."

Muuza samaki wa mapambo alimwonya fundi saa asiwe na pupa. Maji mapya ya bomba hayana urafiki na samaki. Ayatie dawa ya kuondoa klorini, awashe pampu na chujio, kisha ayaache yazunguke wiki kadhaa mpaka yakomae.

"Ukitia samaki leo, kesho unazika," alisema akicheka. Fundi saa hakucheka.

Akayafanya yote. Akajaza maji hadi karibu na ukingo, pampu ikaanza kunguruma polepole. Kesho yake maji yalikuwa yamepungua upana wa kiganja.

Akapapasa chini ya meza. Pakavu. Akapitisha karatasi kwenye pembe zote za kioo. Ikatoka kavu. Akajaza tena, na siku iliyofuata yakawa yamepungua tena.

"Mwenzangu, au unayanywa wewe?" mkewe alimtania, mkono kiunoni.

"Joto. Linayakausha."

"Joto gani hilo, na sweta umevaa?"

Akacheka naye. Kulikuwa na jambo ambalo mkewe hakulijua.

Mama mkwe alipokuwa hajiwezi kitandani, mchana aliachwa mikononi mwa fundi saa, aliyefanyia kazi zake nyumbani. Na mama alikuwa na kiu isiyokatika. "Mwanangu, maji," aliita. Fundi saa alijua mama akinywa atalowesha shuka, na kumbadilisha mama mkwe shuka kulikuwa kazi, tena aibu. Basi alimwambia, "Subiri kidogo mama, binti yako anakuja," halafu akakisogeza kikombe asikifikie. Siku ya mwisho mama aliita hadi sauti ikabaki mkwaruzo tu. Mkewe aliporudi akaikuta midomo ya marehemu imepasuka.

"Alikunywa?" aliuliza.

"Kikombe kizima," fundi saa alijibu.

Sasa, alasiri moja, jua likiwa bado kali, pampu ilizima yenyewe. Fundi saa akaenda kutazama. Chumba kilikuwa kimya. Kisha akasikia.

Mtu anagugumia maji.

Taratibu. Kwa uchu.

Hapakuwa na mtu. Uso wa maji ukashuka mbele ya macho yake. Ukatulia. Ukashuka tena. Kwenye kioo, karibu na ukingo, ukatokea ukungu wa pumzi. Ukafutika. Ukatokea.

"Mwanangu."

Mkewe alimkuta ameketi nje kizingitini, peku. Hapo hapo fundi saa akamweleza yote. Hakujitetea. Mke hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Nilikuuliza," alinong'ona. "Nilikuuliza, ukanitazama machoni."

Akaingia jikoni, akarudi na kikombe cha maji.

"Nenda kampe."

"Mke wangu, naogopa."

"Na yeye aliogopa."

Fundi saa akaingia peke yake. Akasimama kando ya tangi.

"Mama," alisema. "Maji haya hapa. Nisamehe."

Akanyoosha mkono. Halafu kikombe kikaanza kuwa chepesi. Vidole vya baridi vikamshika kifundo cha mkono, kama mgonjwa anavyomshika anayemnywesha. Hakuuvuta mkono. Kikombe kikaisha. Vidole havikumwachia. Akasimama hivyo hivyo, akilia bila sauti, mpaka dirisha likaanza kuingia giza.

Tangu siku hiyo maji ya tangi hayakupungua. Yalipokomaa samaki wakatiwa, na wananawiri. Mkewe hakumwacha, ila amehamishia godoro lake chumba kile, analala na samaki.

Lakini ukimsalimia fundi saa, tazama kifundo cha mkono wake wa kulia. Kuna alama za vidole, ngozi ya hapo nyeupe, imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa. Kabla hajashika saa ya mteja, huifuta ngozi hiyo kwa kitambaa. Inalowa. Anaifuta tena.

Inalowa.