Somo Lililochujwa

Kichujio kilihitaji sekunde nne tu kumwondolea Abeli Mkude masomo ishirini na saba.

Kijana alikuwa amesimama ndani ya duara la mwanga katika ukumbi wa usajili wa Chuo Kikuu cha Ngerengere, mjini Morogoro, mwaka 2086, mikono ameibana mbavuni kama alivyoelekezwa. Mbele yake, hewani, yalielea majina ya masomo arobaini na moja ya shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta, karibu yale yale waliyosoma babu zake: Hisabati Bainifu, Miundo ya Data, Algoriti, Usanifu wa Kompyuta, Mifumo Endeshi, Hifadhidata, Nadharia ya Ukokotozi, na mengine mengi. Kisha majina yakaanza kuzimika moja moja, kama taa za nyumba ambayo watu wake wanakwenda kulala. Yakabaki kumi na manne. Miaka minne ya chuo ikawa miezi kumi na sita.

Kichujio kilikuwa akili unde ya aina ya pekee. Kilisoma alama za mwanafunzi tangu darasa la kwanza, kikapima kasi yake ya kufikiri, kikatazama kazi zitakazokuwa na uhaba wa watu miaka kumi mbele, kisha kikabashiri ajira yake. Baada ya hapo kiliuliza swali moja kwa kila somo: je, mtu huyu atalihitaji? Somo ambalo uwezekano wake wa kuhitajika ulikuwa chini ya asilimia tatu lilifutwa. Wazazi walikipenda. Waajiri walikipenda zaidi.

Mwanamke aliyekibuni, Dakta Rehani Mlali, alikuwa pembeni ya ukumbi siku hiyo. Alikuwa na mazoea ya kuja kutazama usajili, kama fundi seremala anayepita nyumbani kwa mteja kuona kabati lake linavyotumika. Abeli alipotoka kwenye duara alimfuata.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Umepangiwa wapi?"

"Uongozi wa vining'inio." Kijana alisita. "Daktari, kuna somo lile la mwisho kuzimika, Michakato Sambamba. Siwezi kulichukua tu? Jina lake limenivutia."

Rehani alitazama takwimu kwenye kibao chake. "Asilimia moja nukta nane," alisema. "Hiyo ndiyo nafasi ya kulihitaji maisha yako yote. Mimi nililisoma. Lilinitoa jasho muhula mzima, nikaambulia C. Kwa nini ujichoshe, mwanangu? Nenda ukaanze maisha."

Abeli akacheka, akashukuru, akaenda.

Miaka minane ikapita. Mji wa Morogoro ulikwisha kuijaza tambarare yake, ukaanza kupanda milima ya Uluguru kwa matuta makubwa ya zege na bustani ambayo watu waliyaita Ngazi. Ngazi ya Kwanza ilikuwa na masoko na hospitali kuu; Ngazi ya Tisa iligusa ukungu. Barabara hazikuwezekana kule, kwa hiyo watu walipanda na kushuka kwa vining'inio, vyumba vidogo vya kioo vilivyotembea juu ya nyaya kutoka nguzo hadi nguzo. Hakuna dereva aliyevigusa. Vilivyopanda viliendeshwa na mtambo ulioitwa Mwongozi wa Chini, na vilivyoshuka viliendeshwa na Mwongozi wa Juu. Binadamu mmoja alikaa katika chumba cha uongozi, kwa sababu sheria ilitaka awepo binadamu.

Asubuhi ya tarehe tisa Machi 2094, masika yakiwa yamekolea, binadamu huyo alikuwa Abeli Mkude.

Saa nne na dakika sita, mwanamke aitwaye Felista Kunambi aliingizwa ndani ya kining'inio Ngazi ya Tisa, akisindikizwa na wifi yake, Agripina. Alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Muuguzi wa zahanati alikuwa amesikiliza mapigo ya moyo ya mtoto, akasikiliza tena, kisha akasema ashushwe hospitali kuu bila kuchelewa, apasuliwe. Safari ilikuwa ya dakika kumi na moja.

Saa nne na dakika kumi radi ilipiga, umeme mkuu ukakatika, na vining'inio vyote vikasimama.

Hilo lilikuwa limetarajiwa. Palikuwa na umeme wa akiba, uliotosha kusogeza upande mmoja tu kwa wakati mmoja, na wapangaji walikuwa wameweka utaratibu: ili kusogea, mwongozi sharti ashike vitu viwili, umeme wa akiba na ruhusa ya kupita Nguzo ya Saba, mahali nyaya zinapokutana. Akimaliza anaviachia, mwenzake anavichukua. Utaratibu huo ulikuwa umefanya kazi mara arobaini na tatu.

Mara ya arobaini na nne, waongozi wawili waliamka katika nukta moja. Mwongozi wa Juu akashika ruhusa ya nguzo, akageuka kutafuta umeme. Mwongozi wa Chini akashika umeme, akageuka kutafuta ruhusa. Kila mmoja akakuta kitu cha pili kiko mikononi mwa mwenzake. Kila mmoja akafanya alivyofundishwa: akasubiri.

Abeli alitazama meza yake. Taa zote zilikuwa za kijani.

"Kuna hitilafu gani?" aliiuliza akili unde ya chumba.

"Hakuna hitilafu," ilijibu. "Mwongozi wa Juu yuko salama, anasubiri zamu yake. Mwongozi wa Chini yuko salama, anasubiri zamu yake."

Akakagua nyaya, akakagua betri na mawasiliano. Akawaita wenzake watatu wa zamu nyingine, wote wahitimu wa Ngerengere, nao wakakagua wakiwa majumbani mwao. Wote waliona alichokiona yeye. Juu ya meza palikuwa na kitufe kilichoandikwa ACHIA, cha kumlazimisha mwongozi aachie alichoshika, na kanuni ilikataza kukibonyeza kwa mwongozi ambaye hana hitilafu. Sauti ya Agripina ilikuwa ikiingia kupitia simu ya dharura, kwanza ikiuliza, kisha ikisihi, kisha ikiomba Mungu.

Umeme mkuu ulirudi baada ya dakika hamsini na mbili. Felista alifika hospitali akiwa hai. Mtoto, wa kike, hakuwa hai.

Tume iliundwa, chini ya jaji mstaafu, Bi Salome Lukoo. Shirika la vining'inio lilileta wakili, na wakili alikuwa na hoja moja tu, aliyoirudia kwa namna nyingi.

"Bwana Mkude, ulikaa dakika hamsini na mbili ukitazama taa za kijani?"

"Nilitafuta kilichoharibika," Abeli alisema. Alikuwa amekonda. "Hakikuwepo."

"Kulikuwa na kitufe."

"Kitufe ni cha mtambo mgonjwa, mheshimiwa. Yote miwili ilikuwa mizima."

Dakta Rehani Mlali aliitwa siku ya tatu kama shahidi wa shirika, athibitishe kwamba mtumishi alikuwa amefunzwa ipasavyo. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliletewa kumbukumbu za mitambo azipitie. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaufunga baada ya dakika mbili. Hakuhitaji zaidi. Jambo lile alilijua. Lilikuwa na jina, mkwamo wa kusubiriana, na lilikuwa katika sura ya tano ya somo la Michakato Sambamba. Mhadhiri wake aliwahi kulichora ubaoni kwa mishale miwili inayofukuzana. Dawa yake ni kumnyang'anya mmoja, yeyote, alichoshika. Kitu cha sekunde moja.

Ndipo akamkumbuka kijana aliyemfuata ukumbini. Aliitafuta sura yake katika faili la tume, akaiona, akaacha kibao mezani akaenda kusimama jikoni bila kujua alichokifuata huko.

Aliporudi alifanya kile mwanasayansi anachofanya akiogopa: alihesabu. Tangu Kichujio kianze kazi chuo kilikuwa kimetoa wahitimu elfu sita, mia moja na kumi na wanne. Aliuliza rejista ni wangapi kati yao walisoma Michakato Sambamba. Akaiuliza mara ya pili kwa maneno mengine, akidhani amekosea kuuliza. Jibu lilikuwa lile lile: sifuri.

Hakuna uamuzi hata mmoja uliokuwa na kosa. Kwa kila kijana, peke yake, Kichujio kilisema kweli: huyu hatalihitaji. Lakini asilimia mbili ya watu elfu sita ni watu mia na ishirini. Watu mia na ishirini, mahali fulani, siku fulani, wangekutana na mkwamo ule uso kwa uso, na hakuna hata mmoja ambaye angeutambua, wala aliyekuwa na mwenzake anayeujua wa kumpigia simu. Kichujio kilikuwa kimeulizwa juu ya kila mtu. Juu ya mji hakikuwa kimeulizwa, kwa kuwa yeye Rehani hakuwa amekifundisha kwamba kuna kitu kinachoitwa mji.

Asubuhi alisimama mbele ya tume.

"Daktari," wakili alianza, "huyu bwana alifunzwa kila kitu alichohitaji?"

"Hapana."

Wakili alipekua karatasi zake. "Mashine yako yenyewe ilithibitisha..."

"Mashine yangu ilikosea, na aliyeikosesha ni mimi. Kijana huyu aliniomba kwa mdomo wake asome somo ambalo lingemwokoa mtoto yule. Nilimkataza. Nilimwambia asijichoshe."

Bi Salome alivua miwani. "Unaelewa unachokisema, Dakta Mlali? Haya yanaandikwa."

"Yaandikwe, Mwenyekiti."

Abeli hakumtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Tume ilimwondolea Abeli lawama. Kichujio kilisimamishwa, kisha kikarudishwa miezi mitano baadaye na sharti moja: katika kila kundi la wanafunzi hamsini, mmoja achaguliwe kwa kura abebe kila somo lililofutwa. Wanafunzi waliopangiwa waliandika barua za malalamiko. Kwa nini mimi, waliuliza, wakati wenzangu wanamaliza mapema? Barua hizo hazikumfikia Rehani, kwa sababu hakuwa tena mtumishi wa chuo. Abeli naye hakurudi kwenye meza ya uongozi. Alipata kazi kiwanda cha matofali, na rafiki zake walisema amekuwa mtu wa kutopenda taa.

Mwezi wa kumi, Rehani alipanda kining'inio hadi Ngazi ya Tisa. Alikuwa ameandika barua nne na kuzichana zote.

Felista alimfungulia mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka ishirini na tisa, fundi wa kushona, na sebule yake ilijaa vitambaa vya sare za shule. Alimkaribisha kiti, akamletea chai, akaketi mbele yake akiwa bado na sindano imechomekwa kifuani mwa gauni.

"Nakujua, mama," alisema. "Nilikuona kwenye taarifa. Shikamoo."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Nimechelewa kuja."

"Wengine hawakuja kabisa." Felista alimtazama kwa utulivu. "Pale kwenye tume walisema maneno mengi, sikuyafahamu. Nilichotaka kujua hawakukisema. Hilo somo ambalo yule kaka hakulisoma, linachukua muda gani?"

Rehani alikuwa amejiandaa kwa matusi na kwa kilio, siyo kwa swali hilo.

"Somo zima ni muhula mmoja," alisema. "Sehemu yenyewe, ile iliyohusika... kipindi kimoja. Saa mbili."

"Saa mbili."

"Ndiyo."

Felista alichomoa sindano kifuani, akaichomeka kwenye kitambaa kilichokuwa mezani. "Basi nifundishe."

"Mwanangu..."

"Nina nafasi. Nifundishe."

Rehani alianza kwa ile sauti yake ya zamani ya darasani, kavu, yenye mpangilio. Alieleza kwamba kulikuwa na waongozi wawili na vitu viwili. Alieleza kwamba hakuna aliyeweza kwenda bila kuwa na vyote. Alieleza nani alishika nini, nani alisubiri nini, na kwa nini kila mmoja, akiulizwa, angejibu kwa haki kwamba yuko salama. Felista alisikiliza bila kupepesa, midomo ikienda polepole, akirudia majina. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke.

"Ngoja," alisema. "Kwa hiyo huyu anamngoja yule, na yule anamngoja huyu."

"Ndiyo."

"Na wangengoja hivyo hivyo mpaka kiama."

"Mpaka kiama."

Felista alifikiri kidogo. "Si mmoja angeambiwa aachie tu? Yeyote kati yao?"

Rehani aliweka kikombe chini. Zilikuwa hazijapita dakika sita.

"Ndiyo," alisema. "Hilo ndilo jibu."

Felista aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa mshono ulipofumukia. Halafu akaushika mdomo wake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu Machi, kama Agripina alivyosimulia baadaye, akalia kwa sauti.