Vidonge vya Nasur Wakati wa Daku

Nasur wa Koboko alikuwa mpakiaji wa malori. Siku moja aliteleza juu ya magunia akaanguka, na tangu hapo mgongo wake haukumpa raha. Daktari alimwandikia tramadoli, dawa kali ya maumivu: kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Dawa ilimsaidia. Aliweza hata kukaa barazani na kubishana na wenzake kuhusu mpira, jambo alilolipenda kuliko kazi.

Kisha Ramadhani ikaingia. Nasur hakuwahi kuacha kufunga tangu utotoni, na alijivunia hilo kupita kiasi. Sasa kidonge cha mchana angekimezaje? Akaamua kumeza vyote pamoja wakati wa daku, kabla ya alfajiri. Juu yake akaongeza kidonge cha usingizi alichonunua dukani, ili mchana upite haraka.

"Mgongo nanyamaza, na mimi nafunga," alimwambia mkewe Asiya.

Asiya alifurahi. Zamani mumewe alikesha kwa maumivu. Sasa alikoroma nyumba nzima ikasikia. Ni kweli aliamka kichwa kinamuuma, akasinzia kutwa. Asiya alidhani ni njaa ya saumu.

Asubuhi moja Viktoria, nesi na jirani yao, alikuja kuchukua shuka ambalo Asiya alimtarizia maua. Asiya akaweka kidole mdomoni.

"Pole pole, sista. Mzee iko nalala muzuri."

Viktoria akasikiliza. Mkoromo mzito ulitoka chumbani, kisha kimya. Kimya kikaendelea. Halafu Nasur akavuta hewa kwa nguvu, kama mtu aliyeokolewa majini, na kimya kikarudi.

"Mama Siraji, hii hapana usingizi muzuri," alisema Viktoria, tayari yuko ndani.

Alimwita Nasur, akamtikisa. Hakuamka. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi kuwa buluu. Asiya alimshika mumewe mkono.

"Yeye nakufa?"

"Bado. Saidia mimi, tulaze yeye kwa ubavu, hewa ipite. Halafu ita mutu iko na gari."

Njiani waliendelea kumwita. Pumzi ilipokawia, Viktoria alimlaza chali akampulizia hewa mdomoni. Hospitalini alipewa oksijeni na sindano ya kupunguza nguvu ya dawa ile. Hatimaye Nasur alifumbua macho, akauliza kama jua limezama. Asiya alicheka huku analia.

Nasur alipopata nguvu, Viktoria aliwaeleza yeye na mkewe.

"Dawa hii nanyamazisha maumivu. Lakini nanyamazisha pia ubongo, ile pahali naambia kifua kivute hewa. Ukimeza nyingi pamoja, kifua nasahau kazi. Ukiongeza dawa ya usingizi, au pombe, iko mbaya zaidi."

"Lakini alikuwa nakoroma," alisema Asiya.

"Kukoroma na pumzi kukatika, kichwa kuuma asubuhi, kusinzia mchana, hiyo yote ni alama ya hatari. Mutu kama hapana amka, kimbiza yeye hospitali."

"Basi natupa hii dawa yote," alisema Nasur.

"Hapana. Ukiacha ghafla, mwili nasumbuka sana. Daktari napunguza pole pole."

Nasur akageukia ukuta. "Na saumu yangu?"

Aliyemjibu ni Imamu Tahiru, aliyekuja kumwangalia. "Mgonjwa iko na ruhusa, Nasur. Kama maradhi hapana isha, wewe lisha maskini."

Baadaye daktari wa mji wa Arua alimpunguzia dozi, akamkataza dawa ya usingizi, akamfundisha mazoezi ya mgongo. Mgongo bado unauma, lakini Nasur analala kwa pumzi tulivu na kuamka na akili yake. Kila jioni Asiya humpelekea futari bibi Kadijah, mjane asiye na kitu.

Lakini mchana wa kwanza nyumbani ulikuwa mgumu. Asiya, mwenyewe amefunga, alimwekea mumewe uji na kidonge kimoja. Nasur akakaa ameupa mlango mgongo, bakuli limepoa mkononi.

"Watu nitaambia nini?" aliuliza.

"Ambia wao Asiya bado iko na mume. Kunywa, Baba Siraji."

Akanywa.