Alipima Kila Nguo, Hakupima Futari

Jamani, njooni niwaambie ya kaka yangu. Nisiposema mimi dada yake watasema majirani, na majirani wanatia chumvi.

Kaka yangu ni fundi cherehani. Wateja wanamwita Pima Tena, kwa sababu hakati kitambaa mpaka akipime mara mbili, na ukimharakisha anakurudishia kitambaa chako. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho anachofanyia kazi: cherehani dirishani, pasi mezani, nguo za watu zimening'inia ukuta mzima. Ramadhani ilipoingia mwaka ule, chumba kile kilipendeza kukaa. Cherehani inakwenda, wifi yangu anatia vifungo, na binti yao wa pekee yuko mkekani akishonea shanga kwenye gauni jeupe. Gauni lenyewe ni lake. Alikuwa aolewe baada ya Idi, na baba yake ameapa: "Mwanangu hatavaa gauni la mkono wa mtu mwingine. Nitalishona mimi, mwanzo mpaka mwisho."

Raha iliyoje! Lakini mimi nikikaa pale moyo haukutulia. Kaka ana kisukari.

Sasa sikilizeni alivyofunga. Adhana ya magharibi ikilia tu, anaivamia futari kama aliyegombana nayo. Tende hali moja wala tatu, anamaliza bakuli. Juu yake sharbati tamu ya kukera meno, vitu vya kukaanga vinavyochuruzika mafuta, keki, halafu soda ya kuteremshia. Wifi alikuwa anamwekea supu ya mboga, maharage na matunda. Anavisogeza pembeni.

"Hivyo mpeni mgonjwa."

"Kwani wewe mzima?" nikamuuliza.

"Dada, nimeshinda na njaa mchana kutwa. Niache nijilipe."

Kujilipa! Mtu amefunga ili aizuie nafsi, jioni anaidai Ramadhani fidia. Mmewahi kusikia wapi?

Basi akishakula hivyo, tumbo ngoma, analala kama gogo. Daku likifika wifi anamwamsha mpaka anachoka. Ananyoosha mkono, anameza kidonge chake cha sukari kwa funda la maji, anageukia ukutani. Hali kitu. Asubuhi anajigamba kwa wateja: "Daku ni la watoto. Mwanaume anafunga na alichokula jana." Wateja wanacheka. Wifi hacheki, anauma uzi na kutazama chini.

Nilimwambia, "Kaka, kidonge kile kinashusha sukari. Ukikimeza huku tumbo tupu, unategemea nini? Nenda kwa daktari akupangie."

"Nitakwenda baada ya Idi. Huoni nguo za watu?"

Nilinyamaza? Thubutu! Nilisema mpaka akaniita redio. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku yenyewe nilipita kwake alasiri. Nilipovuka kizingiti tu nikahisi mambo si mambo. Feni inazunguka, na kaka shati limelowa jasho. Mkono unamtetemeka. Anamfokea binti yake kwa shanga moja tu iliyoanguka, naye hajawahi kumfokea tangu azaliwe. Alikuwepo mteja mmoja anangojea shati lake la Idi. Kaka akachukua mkasi, akakata mkono wa lile shati. Hakupima hata mara moja.

Tukatazamana. Wifi akainuka, akarudi na maji yaliyotiwa sukari.

"Mume wangu, kunywa. Mgonjwa ana ruhusa. Siku hii utailipa."

Kaka akamtupia jicho mteja. "Mbele za watu? Waseme fundi anakula mchana? Magharibi si mbali."

"Kunywa, fundi," yule mteja akasema, na akageukia ukuta kabisa. "Mimi sikuoni."

Nikamwambia na mimi, "Kaka, Mungu anayekuona ndiye aliyekupa ruhusa. Unamficha nani?"

Kaka akalivuta gauni jeupe, akaliweka chini ya sindano, akakanyaga, ili tuone kwamba ni mzima. Cherehani ikalia. Mara macho yakamgeuka, akaanguka kifudifudi juu ya kazi yake huku mguu bado umekanyaga. Sindano ikaingia kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, ikatoka, ikaingia tena, ikakatikia humo. Damu ikatapakaa kwenye gauni.

"Baba!" Ukelele ule sitausahau.

Mteja akamwinua. Wifi akampaka asali ndani ya shavu. Tukambeba hadi hospitali, wenzangu bila viatu, mimi nina kiatu kimoja.

Alizinduka, alhamdulillahi. Daktari hakumbembeleza. "Ungekuja kabla ya mwezi kuanza, ningekuambia kama unaweza kufunga au huwezi, na dawa ningeipanga upya. Umemeza ya kushusha bila kula, jioni ukajaza sukari. Mwili gani utastahimili kuvutwa huku na huku?"

Tukadhani yamekwisha. Wapi! Kidonda cha mwenye kisukari ni kigumu kupona. Kidole kikavimba, kikawa cheusi, mwisho wakakikata. Na kwa fundi, kidole kile ndicho kinachoongoza kitambaa.

"Baba, tusogeze harusi mbele," binti alimwambia. "Gauni litakungoja."

"Gauni litangoja, mwanangu. Kidole hakitaota." Akageuza uso, na mabega yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona kaka yangu akilia.

Aliyelimaliza gauni ni fundi wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye kaka alikuwa akimcheka kwamba anashona kwa macho yaliyofumbwa. Alikuja mwenyewe, akatoa kipande chenye damu, akatia kingine, akaendeleza mshono. Kazi nzuri, sisemi uongo.

Siku ya harusi bibi harusi alimwinamia baba yake kumwomba dua. Kaka akapitisha ule mkono wake kwenye gauni, kutoka kiunoni kushuka chini, taratibu, mpaka akafika mahali mimi nisipoona tofauti yoyote. Akasimamisha mkono.

"Mimi niliishia hapa," akasema.

Binti akaushika mkono ule, akaubusu pale palipokosa kidole.

FUNZO

Ndugu zangu, Ramadhani haijaletwa kutuua. Futuru kwa tende chache na maji, upe mwili mboga, maharage na matunda, na tamu iwe ya kuonja. Daku usiliache, lina baraka. Na wewe mwenye maradhi, muone daktari kabla ya mwezi kuandama. Ukiruhusiwa kula, kula, wala usione haya. Haya ya mbele za watu ndiyo iliyomla kaka yangu kidole.

Siku hizi hafungi, daktari amemkataza. Kila siku ya Ramadhani analisha maskini, na jioni anakaa nasi kwenye futari. Akimwona mtu anajaza glasi ya pili ya sharbati, hamhubirii. Anauweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, karibu na ile glasi, na kumwambia, "Pima tena."